Sura ya Sita: Siri ya Mtungi

Fainali ya wanaume ya mashindano ya dunia ya mpira wa meza ya mwaka 1991 ilichezwa Chiba, jirani na Tokyo, na wachezaji wote wawili walikuwa Waswidi. Jörgen Persson alimbwaga mwenzake Jan-Ove Waldner, wakashikana mikono, na kombe likaondoka Japani ndani ya begi la mgeni. Mwanamume wa mwisho wa Kijapani kulitwaa taji hilo alikuwa Seiji Ono, kule Pyongyang mwaka 1979. Tangu siku hiyo hadi naandika sura hii, hajatokea mwingine.

Rais wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo alikuwa Mjapani, Ichiro Ogimura, mzee wa miaka 58 mwenye uso mwembamba na mataji 12 ya dunia nyuma yake. Angekuwa mtu mwingine, ningesema aliikodolea macho fainali ile kwa uchungu. Kwa Ogimura sina uhakika hata kidogo. Waswidi wale walikuwa wajukuu wake, ukihesabu ukoo kwa namna mafundi wanavyouhesabu: nani alimshika nani mkono, akamwonyesha nini.

Wapishi wa harusi wa pwani yetu ni hodari wa kukwepa swali. Muulize mmoja biriani yake inapata wapi ile harufu. Atakutajia iliki, mdalasini na zafarani, atakufunulia na sufuria uchungulie, na kitu kimoja atakimeza. Siwalaumu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ikishaanza kutembea nyumba kwa nyumba, mtungi una faida gani? Ogimura alikuwa fundi wa aina nyingine. Siri yake aliigawa ingali moto, tena kwa watu aliojua fika kwamba watarudi nayo kumtandika.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1932 katika mji wa Ito, mkoa wa Shizuoka. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, mama akabaki na kazi ya kutafuta riziki na mtoto mmoja wa kulea. Maisha yakawapeleka Mitaka, magharibi mwa Tokyo. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa na miaka 13, katika jiji lililokuwa limeteketezwa kwa mabomu ya moto, ambako chakula chenyewe kilikuwa cha kubahatisha. Raketi aliishika kwa dhati mwaka 1948, akiwa sekondari, na miaka 16 kichwani. Kwa vipimo vya leo huo ni uzee. Mtoto wa Kichina anayetarajiwa kuwa bingwa huwa ameshakaa mezani tangu umri wa miaka mitano au sita. Lakini Japani ya wakati ule haikuwa na viwanja vya kutosha wala fedha za kuvijenga, na mpira wa meza ulihitaji chumba, mbao na kipira chepesi kama ganda la yai.

Kituo kimoja cha treni kutoka Mitaka ni Kichijoji, na hapo mama mmoja aitwaye Hisae Uehara aliendesha ukumbi mdogo wa kukodisha meza, ukumbi wa Musashino. Watu walilipa kwa saa. Ogimura alikuja jioni, akakaa mpaka usiku, na mama Uehara akawa anamlisha kama mtoto wake. Wenzake wakishaondoka, yeye alibaki peke yake akipiga sevu, moja baada ya nyingine, kwenye meza ambayo upande wa pili haukuwa na mtu. Nyumbani aliandika shajara ya mazoezi: alichokosea, kwa nini alikikosea, kesho afanye nini. Katika Chuo Kikuu cha Nihon alisomea filamu, na mimi huona jicho la mtu wa kamera katika mengi aliyoyafanya baadaye. Aliutazama mwili wake mwenyewe kama mkanda unaoweza kusimamishwa, kurudishwa nyuma na kukatwa.

Hapa inabidi niseme kidogo kuhusu sponji, kwa kuwa bila sponji hadithi hii haipo.

Kabla ya vita, raketi ilikuwa ubao uliofunikwa mpira mwembamba wenye vipele. Kila pigo lilitoa mlio: to, to, to. Mabingwa wa Ulaya, hasa wa Hungaria, waliucheza mchezo kwa masikio kama walivyoucheza kwa macho. Mlio ulimwambia mtu mpira umepigwa kwa nguvu gani na umezungushwa namna gani. Mwaka 1952, mjini Bombay, Mjapani mmoja mwenye miwani, Hiroji Satoh, alijitokeza na raketi iliyobandikwa sponji nene, jamaa ya ile tunayolalia kwenye magodoro. Mpira ulizama ndani yake kidogo, kisha ukafyatuka bila sauti. Wakubwa wa Ulaya walisimama mezani kama watu walioingiwa maji masikioni, na Satoh akawa bingwa wa dunia. Alidumu mwaka ule ule mmoja tu. Sponji ilikuwa imemshindia, na watu walipoizoea, hakubaki na kitu.

Ogimura naye alitumia sponji, akaishika raketi kwa mshiko wa kalamu, vidole viwili vikibana mpini kama mtu anayetaka kuandika. Tofauti yake na Satoh ni kwamba alijiuliza swali la pili. Ikiwa sponji inaufanya mpira uende kasi hivi, miguu ya mchezaji inapaswa iwe wapi? Mshiko wa kalamu una udhaifu wake: upande wa mgongo wa mkono huwa mzito kushambulia. Basi Ogimura akaamua kwamba atapiga kwa upande wa kiganja kutoka popote, hata mpira ukiletwa kona ya kushoto, na pengo litakalobaki kulia atalifunika kwa kukimbia. Meza ina upana wa mita 1.525. Hakuna masafa hapo, utasema. Jaribu kuyakata mara 40 kwa dakika, ukiwa umechuchumaa nusu, na kila ukifika uwe tayari kupiga kwa nguvu zako zote.

Ndiyo maana mazoezi yake yalianzia chini. Alikimbia, alinyanyua vitu vizito, na aliruka ule mruko ambao Wajapani huuita wa sungura na sisi tuliupata shuleni kama adhabu kwa jina la kichurachura. Juu ya miguu hiyo akajenga mbinu ambayo leo hata mtoto wa klabu anaijua: sevu imeandaliwa ili ilete jibu fulani, na jibu hilo, yaani mpira wa tatu, unauawa papo hapo. Alikuwa na kanuni yake kuhusu lini upige. Ukiona uwezekano wa kufanikiwa ni asilimia 51, piga. Usingoje 80. Watu wengi, nami nikiwemo, tungependa kungoja 80. Na alipoulizwa mpira wa meza ni mchezo gani, alijibu kuwa ni kama kucheza chesi huku unakimbia mita 100. Angekulia Zanzibar angesema bao, na picha isingeharibika.

Mwaka 1953 alikuwa bingwa wa Japani. Mwaka 1954 mashindano ya dunia yalikuwa London, na nchi iliyoshindwa vita haikuwa na fedha za kuwalipia wachezaji nauli yote. Sehemu kubwa ilibidi watafute wenyewe. Mwanafunzi yatima wa baba angezitoa wapi? Watu wa Musashino na majirani zao walisimama barabarani na karibu na stesheni wakichangisha sarafu. Kwa sarafu hizo akafika Wembley, mbele ya watazamaji ambao miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu ndugu zao watoke kwenye kambi za wafungwa za Wajapani. Hakuna aliyewapungia mkono. Japani ikachukua Kombe la Swaythling la timu za wanaume, na katika fainali ya mmoja mmoja Ogimura akamshinda mlinzi wa Kiswidi, Tage Flisberg. Mkumbuke Flisberg. Uswidi ilikuwepo kwenye hadithi hii tangu siku ya kwanza, kwa upande wa mezani ulioshindwa.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka, kwa sababu mataji yakizidi huanza kufanana. Mwaka 1955 mwenzake Toshiaki Tanaka alimpokonya dunia. 1956, kwao Tokyo, Ogimura akamshinda Tanaka katika fainali na kuirudisha. 1957, Stockholm, Tanaka akamshinda tena. Kwa timu, Japani ilitwaa Kombe la Swaythling mara tano mfululizo, kuanzia 1954 hadi 1959. Ongeza mataji mawili ya wawili wawili na matatu ya mseto, mawili ya hayo akiwa na Fujie Eguchi na la mwisho, mwaka 1961, akiwa na Kimiyo Matsuzaki. Jumla ni 12.

Kuhusu Stockholm 1957 sitapita bila kusimama kidogo, kwa kuwa lilitokea jambo linalotuhusu Waafrika na ambalo vitabu vyetu vya michezo havilisemi. Mwaka 1956 shirikisho la mpira wa meza lilikuwa limekataa kuutambua tena uongozi wa Makaburu waliobagua wachezaji kwa rangi, likatambua badala yake chama cha Afrika Kusini kisichobagua. Timu ya chama hicho ilicheza Stockholm. Baadaye serikali ya Pretoria iliwanyima hati za kusafiria, lakini siku zile walisimama ukumbini wakiwakilisha nchi ambayo kwao haikuwaruhusu kupiga kura. Olimpiki ilihitaji miaka mingine saba kufika hapo. Kiongozi wa shirikisho aliyekuwa nyuma ya uamuzi huo alikuwa Ivor Montagu, mtoto wa lodi wa Kiingereza aliyekuwa mkomunisti na mtu wa filamu. Ogimura, mwanafunzi wa filamu kutoka nchi iliyotengwa, alikulia katika michezo iliyoongozwa na mtu huyo. Sidhani somo lile lilimpita.

*

Mwaka 1959 Waswidi walimwita Ogimura awafundishe.

Alikuwa bado mchezaji, tena wa kileleni. Angeweza kuwaonyesha mapigo mawili matatu, akapiga picha, akala chakula cha jioni, akaondoka. Klabu za Uswidi za wakati huo zilikuwa mahali pa kupumzikia baada ya kazi. Watu walikuja, wakacheza, wakaoga, wakanywa kahawa. Ogimura aliwakuta hivyo, akawatoa nje wakakimbie. Akawarusha kichurachura. Akawapa mazoezi ya miguu yanayorudiwa mpaka mtu auchukie mpira wenyewe. Wengi waliona mgeni huyu amepungukiwa, wakaacha kuja. Sifa za Ogimura mara nyingi huruka sehemu hii, lakini hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Alidhani kila mtu ana njaa aliyokuwa nayo yeye usiku ule wa Musashino, na akimkuta mtu hana, hakujua la kumfanya.

Waliobaki walikuwa wachache, na mmoja wao aliitwa Hans Alsér. Huyo alimeza yote. Mwaka 1962 alikuwa bingwa wa Ulaya. Mwaka 1967 na 1969 yeye na Kjell Johansson walikuwa mabingwa wa dunia wa wawili wawili. Alipoacha kucheza akawa kocha wa taifa, akaanza kuwafanyia vijana yale aliyofanyiwa na Ogimura, isipokuwa yeye aliyasema kwa Kiswidi na kwa ucheshi kidogo zaidi. Januari 1977 ndege aliyopanda ilianguka karibu na Stockholm, akafa akiwa na miaka 34. Kazi alikuwa ameshaipanda.

Mazao ya kwanza yalionekana mapema kuliko alivyotarajia yeyote. Stellan Bengtsson alikuwa kijana mfupi, anayetumia mkono wa kushoto, kutoka Falkenberg, mji mdogo wa pwani ya magharibi. Alipelekwa Japani akafanye mazoezi pamoja na Wajapani wenyewe, akarudi na miguu isiyotulia. Mwaka 1971 mashindano ya dunia yalifanyika Nagoya. Katika fainali ya wanaume, Bengtsson, mwenye miaka 18, alikutana na Shigeo Itoh, Mjapani aliyekuwa akilitetea taji lake nyumbani. Akamshinda. Miaka miwili baadaye, Sarajevo, Waswidi waliwafunga Wachina katika fainali ya timu. Nenda leo kwenye klabu yoyote ya mpira wa meza duniani, mwambie kocha mnataka zoezi la Falkenberg, hataomba maelezo. Ni mapigo matatu: mgongo wa mkono ukiwa kona ya kushoto, kiganja ukiwa kona ile ile ya kushoto baada ya kuizunguka, kisha mbio hadi kulia, kiganja tena. Umelitambua? Kiini chake, kuizunguka kona ya kushoto ili upige kwa kiganja na kulifunika pengo la kulia kwa miguu, ni jibu lile lile alilotoa Ogimura kwa udhaifu wa mshiko wa kalamu, sasa likiwa limevaa jina la mji wa Kiswidi.

Kwa Wachina alikwenda akiwa ameshapigwa nao, na hapo ndipo ninapomshangaa zaidi.

Mwaka 1959, Dortmund, Rong Guotuan, kijana aliyekuwa amehamia China kutoka Hong Kong miaka miwili kabla, alitwaa ubingwa wa dunia, wa kwanza kwa Mchina yeyote katika mchezo wowote. Mwaka 1961 China ikaandaa mashindano Beijing, ndani ya ukumbi mpya wa watu wapatao 15,000, wakati sehemu za nchi zilikuwa zinakufa njaa. Fainali ya timu iliwakutanisha na Japani iliyokuwa haijafungwa tangu 1954. Wachina walikuwa wamejifunza kila kitu kuhusu wapinzani wao. Xu Yinsheng alimpiga Nobuya Hoshino makombora 12 mfululizo katika pointi moja, Hoshino akiyarudisha kutoka mbali hadi likamshinda la 12, na ukumbi ukapasuka kwa kelele. China ilishinda 5 kwa 3. Ogimura alikuwa kwenye timu iliyofungwa. Zhuang Zedong akawa bingwa wa dunia mwaka huo, na 1963, na 1965.

Mwaka 1962, baada ya hayo yote, Waziri Mkuu Zhou Enlai alimwalika Ogimura, na Ogimura akaenda. Baadaye alisimulia sababu alizopewa na Zhou. Wanawake wa Kichina walikuwa wamefungwa miguu kwa karne nyingi, na taifa lilihitaji mchezo ambao kila mtu, mwanamke kwa mwanamume, angeweza kuucheza bila uwanja mkubwa. Nchi ilikuwa maskini, lakini meza inaweza kujengwa hata kwa saruji. Kwa mwana wa Mitaka ya mwaka 1948 hoja hiyo haikuhitaji mkalimani. Alifundisha.

Mjapani mwenye hasira angekuwa na haki ya kumuuliza: wewe ni kocha wa nani? Nami nimelizungusha swali hilo kichwani mara nyingi. Jibu rahisi ni kwamba alikuwa mpenda amani, na jibu hilo ni la kweli nusu. Nusu ya pili, nadhani, ni ya kibinafsi zaidi. Mtu aliyebaki peke yake ukumbini usiku, akipigia sevu upande mtupu wa meza, anajua kuliko sote kwamba mchezo huu hauchezwi na mmoja. Alitaka mtu wa kuurudisha mpira. Aliyeurudisha vizuri zaidi ndiye aliyemthamini zaidi, pasipoti yake iwe ya rangi yoyote.

Kisha China ikajifungia. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza, mabingwa waligeuzwa wasaliti. Timu haikwenda mashindano ya dunia ya 1967 wala ya 1969. Rong Guotuan, baada ya kudhalilishwa na kutuhumiwa ujasusi kwa sababu ya Hong Kong yake, alijiua Juni 1968. Alikuwa na miaka 30. Mlango ulipofunguliwa tena ulifunguliwa kwa upande wa Japani, mlango ule ule aliokuwa akiupita Ogimura tangu 1962. Koji Goto, rais wa chama cha Japani, alikwenda Beijing Januari 1971 kuwaomba Wachina waje Nagoya, na wakaja. Yaliyofuata yanajulikana hata na watu wasioujua mpira wa meza: Mmarekani mwenye nywele ndefu, Glenn Cowan, alipanda basi la Wachina, Zhuang Zedong akainuka kutoka nyuma na kumpa kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan, na wiki hiyo hiyo timu ya Marekani ikaalikwa Beijing. Februari 1972 Rais Nixon mwenyewe alishuka kwenye ndege. Katika masimulizi hayo Wamarekani na Wachina hupata mistari yote. Kuna wakati nafikiri mwenye nyumba naye alistahili mstari mmoja.

*

Ogimura aliendelea kuwa na kituo chake cha mpira wa meza Mitaka, akifundisha wote, wenyeji na wageni. Aliposhinda urais wa shirikisho la kimataifa mwaka 1987 alikuwa wa tatu tu kuushika tangu 1926, baada ya Montagu na Roy Evans wa Wales. Mwaka uliofuata mchezo ukaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Seoul.

Urais huwapoza wachezaji wengi. Yeye ulimrudisha kwenye filamu. Japani ya miaka ya 1980 ilikuwa na mchekeshaji wa televisheni aliyewafanya watu waucheke mpira wa meza kuwa mchezo wa watu wenye giza moyoni, wanaojifungia vyumbani. Vijana wakaanza kuona aibu kujiunga. Ogimura hakuandika barua ya malalamiko. Alitazama alichokuwa akikitazama mtazamaji: meza ya kijani iliyokolea kama ubao wa shule, mavazi meusi, mwanga hafifu. Akasukuma rangi ziingie. Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 ilichezwa juu ya meza za buluu, na dhahabu ya wanaume ilikwenda kwa Waldner.

Kazi kubwa ya urais wake, hata hivyo, haikuwa ya rangi. Mwaka 1979 Korea Kaskazini iliandaa mashindano ya dunia, na timu ya Korea Kusini haikuruhusiwa kuingia. Mwaka 1988 Olimpiki ilikuwa Seoul, na Kaskazini ikagoma. Mashindano ya 1991 yalikuwa ya Chiba, kwa Ogimura, naye akakusudia kwamba hapo Wakorea watakuja timu moja. Alikwenda Kusini mara 20 na Kaskazini mara 15, akiwabembeleza mawaziri, akirudi na masharti, akiyapeleka upande wa pili, akirudi na mengine. Yule mwalimu aliyeshindwa kuwabembeleza Waswidi alikuwa amejifunza. Februari 1991 pande mbili zikakubaliana. Bendera ikawa nyeupe yenye ramani ya rasi nzima kwa buluu. Wimbo wa taifa ukawa Arirang, wimbo wa kienyeji ambao bibi wa Seoul na bibi wa Pyongyang wote wanaujua.

Wanawake wa China walikuwa wameshinda kombe la timu mara nane mfululizo, tangu 1975. Katika fainali ya Chiba walikutana na Hyun Jung-hwa wa Kusini, Li Bun-hui na Yu Sun-bok wa Kaskazini. Mechi ilifika 2 kwa 2. Yu Sun-bok, ambaye kabla ya siku hiyo ni wachache waliomjua, alikuwa ameshamfunga Deng Yaping, bora wa dunia. Akasimama tena mbele ya Gao Jun na kumaliza kazi. Wasichana wakalia wakiwa wamekumbatiana, na Arirang ikapigwa. Mashindano yalipokwisha walirudi kila mmoja upande wake, na mpaka ukafungwa nyuma yao kama kawaida.

Siku chache baada ya fainali hiyo ndipo Persson na Waldner walipocheza ile ya kwao.

Ogimura alifariki tarehe 4 Desemba 1994 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 62 na bado rais. Japani iliyapa mashindano yake ya wazi ya kimataifa jina lake, Kombe la Ogimura. Juni 2018 yalichezwa Kitakyushu. Aliyeyashinda upande wa wanaume alikuwa mtoto wa miaka 14, Tomokazu Harimoto, mzaliwa wa Sendai, ambaye njiani alimtoa Ma Long, bingwa wa Olimpiki ya 2016, na katika fainali akamshinda Zhang Jike, bingwa wa 2012, kwa seti ya mwisho ya 13 kwa 11. Baba na mama wa Harimoto ni wachezaji wa zamani kutoka Sichuan waliohamia Japani kufundisha mpira wa meza.

Mwaka 2024, Paris, Harimoto huyo huyo aliiongoza Japani katika nusu fainali ya timu ya Olimpiki. Japani ilitangulia 2 kwa 0. Wapinzani wakasawazisha, na mechi ya tano Harimoto akapoteza kwa Anton Källberg. Waliokwenda fainali ni Uswidi, na kocha aliyekuwa benchi lao ni Jörgen Persson.